Garsen na Mto Unaohama

Mto Tana hauingii baharini pale ulipokuwa ukiingia miaka 150 iliyopita. Zamani ulikuwa na mlango wake peke yake katika Ghuba ya Ungwana, kusini mwa Kipini. Kaskazini ya mlango huo palikuwa na Ozi, mto mfupi unaojaa na kupwa pamoja na bahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Sultani wa Witu, Ahmed bin Fumo Luti, ambaye watu walimwita Simba, aliamuru uchimbwe mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi yenye mpunga na pembe za ndovu ifike Kipini bila kupambana na mawimbi ya mlango wa Tana. Mfereji huo wa Belezoni ulikuwa mwembamba, wa kupita mtumbwi tu. Mafuriko yakaukuta, yakapita humo, yakaupanua msimu baada ya msimu, hata mwisho wa karne hiyo maji mengi ya Tana yakawa yanateremkia Ozi. Mlango wa zamani ukaanza kujaa mchanga. Anayeitazama ramani ya Kenya leo na kuuona mto mrefu kuliko yote nchini ukiishia Kipini, anaitazama kazi iliyoanzwa na majembe ya watu wa Witu na kumaliziwa na mto wenyewe.

Garsen iko pale ambapo tabia hiyo ya mto huanza kuonekana waziwazi. Mji huu mdogo uko kiasi cha kilomita 110 kaskazini ya Malindi, katika Kaunti ya Tana River, mahali ambapo nyika kavu inakutana na delta. Ni mji wa njia: kuna inayokwenda Lamu kupitia Witu, kuna inayopanda Hola hadi Garissa, na kuna inayorudi Malindi na Mombasa. Kwa miaka mingi abiria wa Lamu walivuka Tana kwa kivuko, na mto ulipofura safari ilikufa hapo. Mabasi yalipanga foleni na watu wakalala njiani. Daraja lilipojengwa wengi walidhani shida imekwisha. Lakini Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofika, maji hayakuhitaji kulipita daraja. Yaliizunguka barabara, yakaikata upande wa Gamba, na Lamu ikatengwa tena na bara.

Jambo la kushangaza kwa mgeni ni kwamba mafuriko ya Garsen hayatokani na mvua ya Garsen. Mvua ya hapa ni haba. Maji yanatoka mbali, kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yanateremka kupitia Murang'a, Embu na Kitui, yanazunguka kuelekea Garissa kwenye ukame, kisha yanashuka kusini mamia ya kilomita kwenye ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haiupi mto tone. Hivyo anga linaweza kuwa jeupe Garsen, jua limewaka, vumbi limetanda, na bado mto ukapanda usiku na kumwagikia mashambani. Hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya zile za vuli. Maji hayo hubeba udongo wa milimani na kuutandaza juu ya nyanda za chini. Yakiondoka huacha tope jipya, malisho mabichi, na maziwa yaliyotengwa na mkondo: Shakababo, Bilisa, Moa na mengine, ambako wavuvi hupata kambare na perege.

Wapokomo walijenga maisha yao yote juu ya utaratibu huo. Vijiji vyao vimejipanga kwenye kingo za mto, na kilimo chao ni cha kuyafuata maji: mpunga pale maji yanapotuama, ndizi na maembe kwenye matuta ya juu, mahindi na kunde kwenye udongo unaobaki na unyevu baada ya mto kurudi nyuma. Baraza lao la wazee, Gasa, ndilo lililoamua nani alime wapi na mpaka wa fulani uishie kwenye mti gani. Nyuma ya kingo, kwenye nyika, wako Waorma, wanaosema lugha ya Kioromo, na Wawardei, wote wafugaji wa ng'ombe. Kiangazi mifugo yao haina pa kwenda isipokuwa mtoni. Ndiyo maana kukawa na malka, njia zilizoachwa wazi kati ya mashamba ili ng'ombe wafike majini. Malka ni makubaliano ya zamani yasiyoandikwa, na usalama wa delta umesimama juu yake kuliko juu ya kituo chochote cha polisi.

Kenya nzima inadaiwa na Wapokomo kitu kimoja ambacho Wakenya wengi hawakijui. Mwaka 1963, kamati iliyopewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa ilichukua lahani ya wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, iliyopatikana kwa Mzee Meza Moraa Galana. Kila bendera inapopandishwa, kutoka Busia hadi Kwale, sauti inayosikika ilizaliwa kando ya Tana.

Historia ya mwambao wa delta ni ya zamani zaidi ya Witu. Karibu na Kipini yamesimama magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya mawe, uliochimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Wanahistoria wengi wanaulinganisha na Hoja, mji ambao Wareno chini ya Tristão da Cunha waliuchoma mwanzoni mwa karne ya 16. Hapo jirani palikuwa na Shaka, na katika nchi hiyo ya Ozi ndiko masimulizi yanakomweka Fumo Liyongo, shujaa na mshairi mwenye nguvu zisizo za kawaida. Waswahili wanamdai, na Wapokomo wanamdai vilevile. Madai hayo mawili hayahitaji hakimu. Yanaonyesha tu jinsi watu wa jahazi na watu wa mtumbwi walivyoishi wakijuana kwa karne nyingi, mpunga ukishuka na nguo na shanga zikipanda.

Kisha wakaja Wazungu, na mto ukageuka njia ya tamaa. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliipeleleza Tana mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1885 wakapata ardhi kwa Sultani Simba, naye akatafuta ulinzi wa Ujerumani dhidi ya Sultani wa Zanzibar. Witu ikawa chini ya bendera ya Kaisari. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters alipanda Tana na kikosi chake kwa kisingizio cha kumwokoa gavana Emin Pasha, akiacha nyuma yake chakula kilichonyang'anywa na maiti. Na Julai 1890, mezani Berlin, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu pamoja na madai yake juu ya Zanzibar, na ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Hakuna aliyeulizwa Witu. Mwaka huohuo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa huko, na Waingereza wakashusha wanamaji Kipini, wakatembea hadi Witu na kuuteketeza mji.

Wamisionari nao walifuata mto. Wamethodisti waliweka kituo Golbanti, ambako John Houghton na mkewe Annie waliuawa Mei 1886 katika uvamizi wa Wamasai. Ngao, kijiji kilicho jirani na Garsen, kilipokea misheni ya Kijerumani kutoka Neukirchen, na hadi leo ni miongoni mwa vitovu vya elimu na tiba katika delta. Lakini kuna hasara moja ya kipindi hicho ambayo haijafidiwa. Mwaka 1908 maofisa wa kikoloni waliwanyang'anya Wapokomo ngadji, ngoma yao takatifu, iliyokuwa alama ya mamlaka ya wazee na ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa hata kuiona. Ilipelekwa London, ikahifadhiwa katika ghala la Makumbusho ya Uingereza. Ngoma isiyotakiwa kuonekana na macho ya ovyo ilipewa namba ya orodha. Irudishwe, hakuna hoja ya maana ya kuendelea kuishikilia.

Wakoloni ndio pia walioanza kuuchukulia mto huu kama bomba la maji. Hola, makao makuu ya kaunti ya sasa, ilipata mradi wake wa umwagiliaji katika miaka ya 1950, na waliochimba mifereji walikuwa wafungwa wa vita vya Mau Mau. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulivunjika upesi, ukafika Bunge la London, na ukaharakisha mwisho wa utawala wenyewe.

Miradi iliyofuata baada ya uhuru ilikuwa na nia njema zaidi, lakini wengi wa waliopanga waliamini kwamba mto utakaa pale walipouchora. Bura, mradi mkubwa wa pamba uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulitegemea pampu za dizeli. Gharama ikaushinda na wakulima walioletwa kutoka mbali wakabaki na mashamba makavu hali mto unapita karibu. Mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ulijengewa matuta ya kuzuia maji katika delta. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yakayavunja.

Badiliko kubwa kuliko yote lilifanyika juu kabisa, mbali na macho ya Garsen. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, ikafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo matano yameiwashia Kenya taa kwa miongo kadhaa, na jiji la Nairobi linakunywa maji ambayo kwa sehemu kubwa yametoka katika bonde hilihili. Hayo ni manufaa ya kweli. Ila upande wa chini mafuriko ya kawaida yamepungua nguvu, na udongo mwingi umebaki ndani ya mabwawa. Mto usiposukuma vya kutosha, bahari husukuma: kijijini Ozi maji ya chumvi yamepanda na kuharibu mashamba ya mpunga. Kisha mwaka wa mvua kubwa mabwawa hujaa, hufurika, na delta hupokea kwa mkupuo kile ilichonyimwa kwa miaka. Ndivyo ilivyokuwa 2018, na tena 2023 hadi 2024.

Ardhi inapopungua rutuba na malisho, malka huzibwa. Mwaka 2001 Wapokomo na Waorma walipigana. Agosti 2012 ilikuwa mbaya zaidi: zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa kijijini Riketa, na mashambulizi ya kulipiza yakaendelea Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hadi Desemba. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wanasiasa walikuwa na mkono wao, na uchaguzi ulikuwa karibu. Hata hivyo moto huo ulipata kuni katika ugomvi wa ardhi na maji, kwa sababu miaka hiyohiyo delta ilikuwa ikigawiwa kwenye karatasi: hekta 20,000 za miwa kwa mpango wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, na maelfu mengine kwa mimea ya kukamuliwa mafuta ya mitambo. Kila mchoro ulikata njia ya ng'ombe wa mtu na shamba la mtu.

Wenyeji walikwenda mahakamani, wafugaji na wakulima kwa pamoja. Septemba 2012, wakati damu bado haijakauka, delta iliandikishwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kwa eneo la hekta 163,600. Na Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza matumizi ya ardhi ya delta yapangwe upya kwa kuwashirikisha wanaoishi humo.

Agizo hilo ndilo linalofaa kukumbukwa sasa, kwa kuwa bwawa jingine, kubwa kuliko yaliyotangulia, limepangwa kujengwa High Grand Falls, kati ya Kitui na Tharaka Nithi. Litaleta umeme na maji ya kumwagilia, na nchi inavihitaji. Lakini kabla saruji haijamwagwa, wahandisi washuke Garsen, wakae na wazee wa Gasa na wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, wawaulize ni maji kiasi gani, mwezi gani, yanayoiwezesha delta kulima na kunywesha mifugo. Kisha kiasi hicho kiandikwe ndani ya mkataba, na kila msimu kifunguliwe.