Chachu: Neno Lililohama Jikoni

Juma hili nataka tulitazame neno moja dogo: chachu. Mzizi wake umo katika kitenzi kuchacha, yaani kuwa kali kwa kukaa. Uji huchacha, tui huchacha, unga uliokandwa huchacha. Anayekifanya kitu kiwe hivyo amekichachua. Wapo wasemao amekichachusha.

Wazee wetu walitofautisha kuchacha na kuoza. Kilichooza hutupwa; kilichochacha huenda kilikusudiwa. Pwani, tembo la mnazi likitoka kugemwa ni tamu. Likikaa huwa kali, na likiachwa zaidi huwa siki. Tembo hilohilo ndilo lililoumua vitumbua na mkate wa kumimina kabla ya hamira ya dukani kuenea. Na hamira, jina lenyewe, tumelipokea kutoka Kiarabu.

Kamusi ya Halmashauri ya Lugha ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, inalo neno hili. Nayo Biblia ya Kiswahili ya 1952 inalionyesha kwa sura mbili. Mahali pamoja chachu ni mfano wa ufalme wa mbinguni, mwanamke anapoificha ndani ya unga. Mahali pengine ni onyo juu ya mafundisho ya Mafarisayo. Kitu ni kilekile, matunda mawili.

Hamira ya paketi ilipoingia jikoni, chachu ilitoka, ikapanda jukwaani. Tukaanza kusikia kwamba vijana ni chachu ya maendeleo, na wanawake ni chachu ya mabadiliko. Mtaani nako, asiye na senti mfukoni husema amechacha, na ugomvi ukipamba moto, mambo yamechacha.

Sina ugomvi na mtaa. Lugha hukua huko. Hofu yangu ni jukwaa. Msemaji asiyewahi kuuona unga ukiumuka hudhani chachu ni sifa tupu. Mpishi anajua zaidi. Chachu ni kidogo, hufanya kazi ndani ya donge, wala si kando yake. Na ikizidishwa muda, mkate mzima huwa mkali. Anayesukuma kutoka nje tumwite mchochezi, au kichocheo akiwa na nia njema.

Basi ukiambiwa wewe ni chachu, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza: ni unga gani, na nani anayeangalia saa?