Mkemia wa uchunguzi wa jinai

Mtaalamu wa maabara anayepima vielelezo vya kesi na kutoa matokeo yanayotumika mahakamani. Nchini Tanzania kazi hii hufanywa hasa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Vipimo vya vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya 2009. Wengi huingia na shahada ya kemia, biokemia au baiolojia ya molekuli, kisha hujikita katika sumu, dawa za kulevya au vinasaba.

Siku ya kazi huanza na bahasha, si darubini. Mkemia hukagua lakiri, hulinganisha namba ya kesi na barua ya polisi, huandika tarehe na kusaini kabla ya kufungua. Lakiri ikiwa imevunjika, kipimo bora kuliko vyote kinaweza kutiliwa shaka. Umakini huu, kwa kweli, ndio ufundi wenyewe. Baadaye huitwa kizimbani kama shahidi, ambako hueleza kwa lugha nyepesi alichokipima na namna alivyokipima, huku wakili wa utetezi akimhoji.