Chupa ya babu ina tarehe yake

Majuzi jirani yangu alinijia na chupa ya maji ya askari, kuukuu, imevalishwa kitambaa kizito cha sufu na kuning'inizwa kwa mikanda ya pamba. "Mwalimu," akaniambia, "hii babu aliibeba akiwa Kariokor, vita vya 1914. Kuna mtu ananipa hela nzuri. Nimuuzie ama?"

Kabla ya kumjibu, nilikwama kwenye jina. Tukiiteje kifaa hiki? Wamarekani hukiita kwa neno lilelile lililotupa "kantini", lakini kwetu kantini ni kiduka cha shuleni au kambini. "Kibuyu" lingefaa kwa kuwa kazi ni ileile, ila msomaji atafikiria mung'unye. Nitasema basi chupa ya askari.

Anayetaka kujua umri wa chupa kama hii asianzie na hadithi. Aanze na vipande vyake, kimoja baada ya kingine: chupa yenyewe, kifuniko na mikanda.

Tuanze na umbo. Chupa ya Waingereza iitwayo Mark VI ni ya chuma kilichopakwa enameli, aghalabu ya buluu. Imepinda kidogo ili ilale vizuri kiunoni, na kizibo chake hufungwa kwa uzi kisipotee. Tatizo ni kwamba chupa hiyo ilikuwapo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na bado ilitumika katika vya Pili bila kubadilika sana. Umbo peke yake, kwa hivyo, halitoshi kuamua.

Mikanda husema zaidi. Waingereza walikuwa na muundo wa mikanda wa 1908, kisha wakaja na ule wa 1937. Mara nyingi hupigwa mhuri wa jina la mtengenezaji, mwaka, na mshale mpana unaoonyesha kuwa ni mali ya serikali. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, kifaa ni cha Kanada. Ndani ya U, ni cha Afrika Kusini. Katikati ya D mbili, ni cha Australia. Ukiokota chenye U huku Kenya, usishangae: wanajeshi wa Afrika Kusini walipitia hapa kwenda kupigana na Waitalia Uhabeshi mnamo 1940 na 1941.

Madini nayo yana ushahidi wake. Chupa ya Wamarekani ya muundo wa 1910 ni ya alumini, na kwa kawaida imechapwa herufi U.S., mtengenezaji na mwaka. Za mwanzo zina kifuniko cha alumini chenye mnyororo; katika Vita vya Pili kikaja cha plastiki nyeusi. Alumini ilipohitajika kuundia ndege, baadhi ya chupa zikatengenezwa kwa chuma. Wajerumani pia walifanya hivyo.

Hata hivyo, tahadhari. Mwaka uliochapwa ni wa kutengenezwa kwa kipande hicho tu. Hausemi kilibebwa lini. Unasema tu kabla ya lini hakikuwezekana kubebwa. Isitoshe, mikanda iliyochakaa ilibadilishwa.

Tukaipangusa mikanda ya jirani taratibu kwa kitambaa kikavu. Ilikuwa ya muundo wa 1937, na mhuri ukasoma 1943. Jamaa akanyamaza. Nami sikumwambia kwamba babu hakwenda vitani. Nilimwambia mikanda hii haikuwa ya 1914, na kwamba kuna swali la kuuliza nyumbani.

Akampigia shangazi yake, ajuza wa miaka 90 na ushei. Jibu likaja papo hapo: chupa ilirudi na baba mkubwa, kifungua mimba wa babu, aliyekwenda Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko mwaka 1944, na Soko la Burma jijini Nairobi lingali na jina hilo. Babu kweli alikuwa Kariokor. Baba mkubwa alifariki bila mtoto, hakukuwa na wa kumsimulia, na chupa yake ikahamia kwa babaye.

Hapo ndipo nilipoona hasara ya kutosoma vitu vyetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile vya kwanza walifariki, wengi kwa maradhi, na majina mengi hayakuandikwa popote. Tukiwaunganisha watu wawili kuwa mmoja, tunampoteza mwingine tena, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Kama una chupa ya aina hii, usiisugue wala kuivua kitambaa chake. Piga picha mihuri yote, kisha uwaulize wazee mapema.

Jirani hakuuza. Ameandika majina mawili kwenye karatasi, la babu na la baba mkubwa, na chini ya la pili akaongeza: "Burma. Chupa ni yake."