Sare, Kava na Bango: Muziki Ulivyotangazwa kwa Macho Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kabla ya redio na kaseti kufika mwambao wa Ziwa Nyasa, wimbo ulitangazwa kwa mavazi. Hilo huonekana wazi katika mganda, ngoma ya wanaume iliyoenea kwa Wanyasa, Wamanda na Wamatengo, na pia ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi. Asili yake ni beni, ngoma ya gwaride iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, kisha ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo iliwahi kufika huku. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli.

Kutoka jeshini mganda ulichukua mistari iliyonyooka, vyeo na sare. Wachezaji huvaa kaptula na mashati meupe, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa. Ngoma kubwa huongoza hatua, na vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui hutoa mlio unaofanana na wa tarumbeta. Kikundi kilipoalikwa kijiji kingine kushindana, watazamaji waliiona sare kabla ya kuusikia wimbo. Weupe wa nguo, unadhifu wa mistari na alama za vyeo vilitosha kuwaambia ni nani amekuja na amejiandaa kiasi gani. Wanawake nao, katika ngoma yao ya kioda, walijipambanua kwa nguo za kufanana.

Karatasi iliyochapwa haikuwa ngeni mkoani Ruvuma, ulipo mwambao huu. Watawa Wabenediktini wa Peramiho walianza kuchapa gazeti la Mwenge mwaka 1937. Lakini hilo lilikuwa gazeti la dini, si uwanja wa kuuzia muziki. Hata santuri zilipoingia, kava lake lenye picha ya bendi lilibaki kitu cha mijini, kwa kuwa santuri ilihitaji gramafoni. Wengi waliujua muziki wa dansi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani kwa sauti bila sura.

Kaseti ndiyo iliyowapa wasanii sura hata vijijini. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa rahisi kuibeba, na ilichezwa kwenye redio ya betri. Uso wa kava lake ulikuwa na upana wa takriban sentimita 6.5 na urefu wa sentimita 10 tu, na udogo huo ndio uliotawala usanifu wake. Picha ya mwimbaji ilichukua sehemu kubwa, jina likaandikwa kwa herufi nene za rangi kali, na orodha ya nyimbo ikabanwa pembeni au nyuma. Tangazo la gazetini lilifuata mpangilio huohuo, ila rangi zilipokosekana, kazi yote iliachiwa ukubwa wa herufi na tofauti ya weusi na weupe. Mnunuzi alipofika dukani akiwa ameiona picha gazetini au kwenye bango, aliitambua kaseti hata ikiwa katikati ya nyingine nyingi.

Mtu aliyeunganisha mwambao na biashara hiyo ni John Komba, mzaliwa wa Lituhi mwaka 1954, aliyefikia cheo cha kapteni jeshini. Aliongoza Tanzania One Theatre, maarufu kama TOT, kikundi cha Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilichoundwa mwaka 1992, nchi iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi. Kijani na njano za chama zilikitambulisha kikundi hata kabla kipaza sauti hakijawashwa. Upande wa taarabu, TOT yenye mwimbaji Khadija Kopa ilishindana vikali na kikundi cha Muungano Cultural Troupe. Kama ilivyokuwa kwenye mganda, ushindani ndio uliowavuta watu, na mavazi yalikuwa sehemu ya silaha. Komba alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi kuanzia mwaka 2005 hadi alipofariki Februari 2015, akazikwa Lituhi. Kufikia wakati huo eneo la mwambao lilikuwa tayari limemegwa kutoka Mbinga na kuwa Wilaya ya Nyasa, mwaka 2012.

Baada ya kaseti ilikuja CD, kisha simu. Kava limekuwa picha ndogo ya mraba kwenye kioo, lakini kanuni yake haijabadilika: uso mmoja, jina kubwa, rangi chache zinazokumbukwa. Wapiga mganda wa mwambao waliifahamu kanuni hiyo karne moja iliyopita. Kwa sababu hiyo, historia ya matangazo ya muziki nchini haijakamilika ikianzia kwenye bango la Dar es Salaam na kuiacha kaptula nyeupe ya Liuli na Lituhi.