Amri Haijazi Rafu



Tarehe 4 Agosti 1972, akiwahutubia askari huko Tororo, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Muda waliopewa ulikuwa siku 90. Maduka yao ya redio, nguo na vyombo yakagawiwa watu, wakiwemo maofisa wengi wa jeshi. Bidhaa ziliuzwa, fedha zikaliwa, mzigo mpya haukuagizwa. Wananchi wakawaita wagawiwa hao “mafuta mingi”. Rafu zikabaki tupu.

Miaka mingi baadaye Kampala ilipata maduka makubwa kutoka nje, yaliyopanga televisheni na majokofu kando ya unga na sabuni. Uchumi iliondoka mwaka 2015, Nakumatt ikaanguka mwaka 2017, Shoprite ikafuata mwaka 2021. Hayakugawiwa mtu kwa amri. Lakini Uchumi na Nakumatt zilielemewa na madeni. Aliyeleta mzigo hakulipwa, naye akaacha kuleta.

Basi chanzo ni kimoja: fedha ya mauzo isiporudi kununua mzigo, duka hufa. Bunduki yaweza kufungua mlango wa duka, bali haiwezi kujaza rafu. Wajibu wa askari ni kumlinda mwenye duka, wala si kurithi duka lake.