Kanzidata ya kishada

Neno kanzidata limeundwa kwa kanzi, yaani hazina, na data; lakini katika programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992 ili kompyuta zishirikiane mafaili mtandaoni, kanzidata ya kishada, yaani ya kundi la seva zinazotumika kama moja, hubeba hasa kumbukumbu za muda za nani amefungua faili gani. Seva moja ikizimika, nyingine huchukua anwani yake, na kumbukumbu zilizopotea nayo hazidhuru, kwa kuwa miunganisho iliyozihitaji nayo imekatika. Kumbukumbu za kupotea hivyo zisingefaa katika kiwanda cha maziwa cha Siongiroi, Kaunti ya Bomet nchini Kenya, ambako kila kilo ya maziwa inayopokelewa ni malipo ya mkulima.