Darasa la tatu: mwaka ambao shule hudhani unajua kusoma

Muulize Mtanzania yeyote alijifunza kusoma lini. Wengi watakutajia darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu ubaoni, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Darasa la tatu halikumbukwi na mtu. Lakini watafiti wa elimu wanauangalia sana huo mwaka usiokumbukwa. Sababu yake ina historia.

Tuanze na nadharia kidogo. Mwaka 1983 Jeanne Chall, profesa wa Harvard kule Marekani, alichapisha kitabu kuhusu hatua anazopitia mtoto katika kusoma. Kwa maelezo yake, hadi darasa la tatu hivi mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia la nne anasoma ili ajifunze mambo mengine. Miaka mitatu baadaye, Philip Gough na William Tunmer wakaja na hesabu fupi: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutambua maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Zingatia kwamba ni mara, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sufuri, jibu zima ni sufuri.

Sasa tuilete hesabu hiyo kwenye Kiswahili. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa, a ni a siku zote. Mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka hata neno asilolijua maana. Raha hiyo, lakini ina mtego: anaweza kuonekana anasoma kumbe anatamka tu. Halafu maneno yetu ni marefu. Chukua "walipotusomea". Humo ndani kuna watendaji, wakati, watendewa na tendo lenyewe, vyote katika neno moja. Akili hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtoto anayekokota silabi moja moja akifika "mea" ameshaisahau "wali". Kasi basi si mapambo. Bila kasi ya kutosha, maana haifiki.

Kasi hiyo inahitaji muda na mazoezi, na hapo ndipo historia inapoingia. Wakati wa Mwingereza, watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kwenda shule waliishia darasa la nne. Baada ya uhuru, vita ikawa ni kuufungua mlango. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Wimbi la pili likaja ada zilipofutwa: Uganda 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya 2003. Madarasa yakafurika. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, tusiyabeze. Ila kila mara tulichohesabu ni walioingia.

Mwaka 2010 mradi wa Uwezo, kwa kufuata mfano wa India, ukauliza swali jingine. Watu wa kujitolea walikwenda majumbani na karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa Tanzania, watoto wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili walikuwa takribani watatu kati ya kumi. Kwa Kiingereza hali ilikuwa mbaya zaidi.

Serikali ilijibu. Kuanzia 2015 darasa la kwanza na la pili yakapewa mtaala unaobeba hasa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wazo zuri. Lakini ukiupa msingi miaka miwili, maana yake unatarajia uwe umekamilika ikifika Januari ya mwaka wa tatu. Masomo yanagawanyika: sayansi kivyake, hisabati kivyake, kila moja na kitabu chake. Na mtaala huo ukasogeza Kiingereza kianzie hapohapo. Mtoto anaona "come" anasoma "kome", na halaumiki, maana anatumia kanuni alizofundishwa. Rudi kwenye ile hesabu: kutamka anaweza kiasi, lugha haijui, jibu ni sufuri.

Majirani nao wamechora mstari karibu na hapo. Uganda, tangu 2007, shule nyingi zinatakiwa kufundisha kwa lugha ya eneo miaka mitatu ya kwanza, halafu kuhamia Kiingereza. Kenya ilipendekezewa utaratibu wa aina hiyo na Tume ya Gachathi mwaka 1976.

Tatizo ni kwamba mstari huo ni wa mtaala. Ubongo wa mtoto haujui kalenda. Yule ambaye hajavuka haonekani haraka, kwa sababu ananakili ubaoni vizuri na daftari linajaa. Kwenye hisabati anaweza kugawanya 24 kwa 6, ila umuandikie kwamba Juma ana maembe 24 na vikapu 6, anakwama. Tunasema hesabu zimemshinda, kumbe kilichomshinda ni sentensi.

Kuna njia iliyojaribiwa. Shirika la Pratham la India huwapanga watoto, kwa saa moja au mbili kwa siku, kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa lao. Wa silabi na wa silabi, wa aya na wa aya. Watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Nobel ya uchumi 2019, waliupima mpango huo na kuona watoto wanapanda.

Hapa kwetu saa inakimbia. Mtaala mpya ulioanza 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza 2027. Aliyefika la tatu bila kusoma ana mwaka mmoja pungufu wa kujiokoa.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtoto wa darasa la tatu, usiishie kumuuliza amekuwa wa ngapi. Mpe hadithi ya ukurasa mmoja asiyoijua, asome, kisha funga kitabu na umwambie akusimulie kwa maneno yake. Dakika kumi zinatosha kujua kama ameshavuka.